Saa Ilianza Kuhesabu Lini? Mhadhara Kuhusu Ukomo wa Muda Katika Madai ya Uharibifu wa Mali

Ndugu zangu, nianze na dohani.

Mwaka 1969 kiwanda kimoja huko Uingereza kilijengewa dohani yenye urefu wa futi 160 hivi. Ukuta wake wa ndani uliwekwa kwa malighafi isiyofaa, na kabla Aprili 1970 haijaisha, nyufa zilishatokea karibu na kileleni. Nani angepanda huko kuzitazama? Wenye kiwanda walizigundua Novemba 1977, na Oktoba 1978 wakawashtaki wahandisi washauri. Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Pirelli, ilifika mahakama ya juu kabisa, na Desemba 1982 hukumu ikatoka: muda wa kudai ni miaka 6, nao ulianza siku ufa ulipotokea, si siku ulipoonekana. Madai yakaanguka. Haki yao ilikwisha kabla hawajajua kwamba wanayo!

Kila nikiisoma hukumu ile naumia. Bunge nalo liliona kasoro hiyo, likatunga sheria mwaka 1986: katika madai ya uzembe, mwenye mali ambaye uharibifu ulimfichikia anapewa miaka 3 tangu alipojua au alipopaswa kujua. Lakini ikishapita miaka 15 tangu kosa lenyewe, mlango umefungwa, hata kama ufa umeonekana jana.

Ndiyo maana mtu akiniuliza, "Nina miaka mingapi?" mimi namuuliza kwanza, "Tangu lini?"

Hiyo miaka yenyewe hutofautiana. Kenya na Tanzania madai ya madhara yasiyotokana na mkataba yana miaka 3, ya mkataba miaka 6. Ufaransa kwa kawaida ni 5, Texas 2, California 3. Ujerumani ni 3, ila huanza kuhesabiwa mwisho wa mwaka ambao mdai alijua. Kwa hiyo ukuta uleule ukigongwa na lori una hesabu yake, na ukibomoka kwa sababu fundi hakufuata mkataba una hesabu nyingine. Aliyekuharibia akiwa ni serikali, ongeza mwendo: Kenya, kwa madai yasiyo ya mkataba, unabaki na miezi 12 tu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, maana ndilo linalowaangusha watu makini. Nyumba imeingia maji kwa kosa la jirani. Mwenye nyumba amepiga picha, ametunza risiti, ameandika barua. Anajibiwa kwa upole: "Suala lako linashughulikiwa." Anatumiwa mkadiriaji. Anaombwa nakala nyingine. Faili linanenepa, naye anaamini kwamba amekwisha kudai. Mbele ya sheria hajadai kitu. Barua si kesi. Ujerumani mazungumzo ya kweli husimamisha saa, lakini nchi nyingi hayasimamishi. Kinachoisimamisha ni hati ya madai kupokelewa masjala ya mahakama.

Na bima isikuchanganye. Kuitaarifu kampuni ya bima ni hatua moja, kuishtaki ikikataa kulipa ni nyingine, na mkataba wa bima huweza kuwa na muda wake wenyewe, mfupi kuliko wa sheria. Usome hadi kurasa za mwisho, ambako vifungu hivyo hupenda kukaa.

Wengine hutegemea mdaiwa asahau kuweka pingamizi. Uingereza ni kweli, asipolitaja suala la muda mahakama haimtajii. Tanzania si hivyo: sheria inamtaka hakimu aitupe kesi iliyochelewa, pingamizi liwepo au lisiwepo.

Kwa hiyo usingoje ripoti ya mwisho ya mkadiriaji ndipo ufungue kesi. Hati ya madai huweza kurekebishwa baadaye kwa ruhusa ya mahakama, na tarakimu za hasara zikakamilishwa humo. Ukienda kwa wakili, mpe tarehe kabla ya picha: siku uharibifu ulipotokea, siku ulipouona, siku mkataba ulipovunjwa kama upo. Kama hujui siku ulipotokea, mwambie lini mara ya mwisho ulipaona pakiwa pazima.

Nitabaki hapa mbele. Aliyekuja na karatasi zake asogee, tutaanza na hizo tarehe.