Mfumo wa Data Unaoweza Kurudi Nyuma

Ndugu wasikilizaji, habari ya tundu la ozoni, ile gesi ya juu inayotukinga na miale mikali ya jua, mnaijua. Mwezi Mei 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza katika jarida la Nature kwamba ozoni juu ya kituo cha Halley, Antaktika, ilikuwa imepungua vibaya. Walitumia chombo kilichosimama ardhini. Wakati huo setilaiti ya Nimbus 7 ilikuwa angani tangu 1978, na kifaa chake cha TOMS kilikuwa kikipima ozoni kule kule. Wengi husimulia kwamba kompyuta zilivitupa vipimo vya chini kwa kuviona havina maana. Sivyo. Programu iliviwekea alama ya shaka vipimo vilivyoshuka chini ya Dobson 180 (Dobson ni kizio cha kupimia ozoni), lakini haikuvifuta. Kwa kuwa vilikuwepo, wanasayansi walivirudia, wakavichakata tena, na dunia ikaliona tundu lote kwenye ramani badala ya namba za kituo kimoja.

Tunapobuni mfumo wa data wa setilaiti ya kuchunguza Dunia, swali la kwanza huwa: data itaingia kwa kasi gani? Mimi nasema tuanze na jingine. Siku tutakapogundua kwamba tulikokotoa vibaya, tutaweza kurudi mwanzo na kukokotoa upya?

Tazameni joto la angahewa. Tangu mwisho wa 1978 vifaa vya kupokea mawimbi ya maikrowevu kwenye setilaiti vimekuwa vikipima joto la tabaka za hewa. Wanasayansi John Christy na Roy Spencer waliviunganisha vipimo hivyo kuwa mfululizo mmoja, na kwa miaka kadhaa mfululizo ule ulionyesha joto likiongezeka kidogo mno, au halikuongezeka kabisa. Mwaka 1998 Frank Wentz na Matthias Schabel walionyesha sababu mojawapo. Setilaiti zilikuwa zikishuka polepole kwa kupingwa na hewa nyembamba ya huko juu, na kushuka huko kukabadilisha pembe ya kutazamia ardhi. Kwenye hesabu, badiliko hilo la pembe lilisomeka kama hewa inapoa. Mwaka 2005 likagunduliwa kosa jingine, la namna ya kurekebisha saa ambayo setilaiti hupita juu ya mahali, saa inayohama mwaka hadi mwaka. Makosa yote mawili yalisahihishika kwa sababu vipimo ghafi na kumbukumbu za njia ya setilaiti vilikuwa vimetunzwa.

Setilaiti ya Terra nayo, iliyorushwa Desemba 1999, kihisi chake cha MODIS kilichakaa kadiri miaka ilivyopita, hasa katika mwanga wa bluu. Takwimu za uoto zikaonyesha mimea ikipungua, kumbe sehemu ya upungufu ule ilikuwa ya kihisi chenyewe. Dawa ilikuwa kukokotoa upya kumbukumbu nzima tangu siku ya kwanza na kuitoa kama toleo jipya, la 6.

Basi tushuke kwenye ujenzi wenyewe. Setilaiti inayopita juu ya ncha za Dunia huzunguka mara 14 hivi kwa siku. Kituo cha Svalbard, visiwa vya Norwe kwenye latitudo ya 78 Kaskazini, huiona karibu kila mzunguko, lakini kwa dakika kumi hivi tu. Katika dakika hizo data hushuka kwa pakiti, yaani vifurushi vidogo vidogo. Zipo zinazopotea, na zipo zinazopokelewa mara mbili na vituo viwili tofauti. Data huchakatwa kwa ngazi, na kazi ya ile ya kwanza, ngazi ya 0, ni kuzipanga pakiti kwa wakati, kuondoa marudio na kuandika wazi palipo na pengo. Basi. Hakuna kulainisha, hakuna kujaza pengo kwa kukisia. Wahandisi hodari kabisa hushawishika kusafisha kidogo hapa ili wenzao wa mbele wapate kazi nyepesi. Mkono huo uzuiwe, maana kilichoguswa hapa hakina pengine pa kurejeshwa.

Ngazi ya 1A naipenda kuliko zote. Hapo kila kipimo huambatishwa wakati, mahali na vigezo vya kalibrasheni, yaani vya kukisahihisha kifaa, lakini vigezo hivyo havitumiki bado. Hukaa pembeni ya namba. Vikibadilika kesho, hakuna kilichoharibika. Kwenye 1B ndipo namba ghafi hugeuka kuwa mwangaza, kwenye ngazi ya 2 mwangaza huwa joto la bahari au unyevu wa udongo, na zinazofuata ni gridi na modeli. Kila faili ya ngazi hizo iseme yenyewe imezaliwa na nini: toleo gani la programu, faili zipi za awali, jedwali lipi la kalibrasheni. Maelezo hayo yakae ndani ya faili, si kwenye daftari la mtu atakayestaafu.

Kuhusu wakati naomba mnivumilie. Tangu Januari 2017 saa ya GPS iko mbele ya UTC, saa rasmi ya dunia, kwa sekunde 18, kwa kuwa GPS haiongezi zile sekunde za nyongeza ambazo UTC huongezewa ili iende sawa na mzunguko wa Dunia. Setilaiti iliyo kilomita 700 juu husafiri kilomita 7.5 hivi kila sekunde, na mahali palipo chini yake ardhini huhama karibu kilomita 7. Faili isiyosema imetumia saa ipi inaweza kuipeleka picha zaidi ya kilomita 120 kutoka mahali pake. Kosa kubwa hivyo huonekana mara moja. Linalonitia hofu ni la sekunde moja, la jedwali ambalo halikusasishwa. Hilo huhamisha kipimo karibu kilomita 7, na katikati ya bahari hakuna ufuko wa kulifichua.

Seasat, setilaiti ya kuchunguza bahari, ilirushwa Juni 1978, ikazimika Oktoba mwaka huohuo kwa hitilafu ya umeme. Ishara za rada yake zilibaki kwenye kanda za sumaku, na nyingi hazikuwahi kukokotolewa kidijitali. Mwaka 2013, miaka 35 baadaye, Alaska Satellite Facility, kituo cha data za setilaiti huko Alaska, ikatoa picha zilizokokotolewa upya kutoka kwenye kanda hizo, baada ya kazi ngumu ya kurekebisha mihuri ya wakati iliyoharibika. Wahenga walisema akiba haiozi. Kanda huoza. Gharama ya kuihamisha data kwenye vyombo vipya kila baada ya miaka iingie kwenye bajeti kabla ya kurusha.

Bajeti nyingi hupungukia penye uwezo wa kukokotoa. Watu hununua kompyuta zinazotosha data ya leo kushughulikiwa leo, wakaridhika. Misheni ikifika miaka kumi na kosa likapatikana, mashine hizo zitahitaji miaka kumi mingine kuirudia kumbukumbu yote, na data mpya nayo inaendelea kuingia. Ukitaka marudio yaishe kwa mwaka mmoja, unahitaji uwezo mara kumi juu ya ule wa kila siku. NISAR, setilaiti ya rada ya NASA ya Marekani na ISRO ya India, iliyorushwa Julai 2025, ilibuniwa kutoa makumi ya terabaiti kila siku. Kwa kiasi hicho, kukodi mashine nyingi za wingu, yaani kompyuta za mbali zinazotumiwa kupitia mtandao, kwa miezi michache kuna maana kuliko kuzimiliki, na mtafiti naye huipeleka programu yake ilipo data.

Na data iwe wazi kwa wote. Kabla ya 2008 picha moja ya setilaiti ya Landsat 7 iliuzwa dola 600, kwa hiyo mtu alinunua moja au mbili. Ilipokuwa bure, watu wakachukua miaka mingi kwa pamoja. Kuchakaa kwa kihisi hakuonekani kwenye picha moja. Ni wao, wenye mfululizo mrefu mikononi, wanaoweza kukuambia kwamba kuna kitu kimekwenda mrama.

Nawaombeni zoezi moja kabla ya kurusha. Chukueni data ya majaribio ya ngazi ya 0, mpeni mtu asiye wa timu yenu pamoja na mashine tupu, kisha mwambieni atengeneze bidhaa za ngazi ya 2 kwa nyaraka zilizohifadhiwa tu, bila kumpigia simu mtu yeyote. Kila anapokwama, andikeni alipokwama: maktaba ya programu ambayo toleo lake halikutajwa, jedwali lililobaki kwenye kompyuta ya mtu, kipimo kisicho na kizio. Orodha hiyo ndiyo kazi yenu ya miezi inayofuata, na zoezi lirudiwe hadi amalize peke yake.