Ni kweli Ujerumani wanakukata hela ya kanisa kwenye mshahara? Nawajibu leo yaishe

Haya jamani, mambo? Mnanisikia? Leo naongea chini chini, dogo, mwanangu, kashalala, kesho asubuhi ana mechi, na mi niko jikoni nasubiri unga wa maandazi uumuke, nikaona bora niwajibu sasa hivi kuliko kuendelea kusoma yale maneno yenu.

Maana tangu niwawekee ile video ya mshahara wa nesi huku Ujerumani, nikawaonyesha silipu yenye makato, swali limekua ni moja. Komenti hilo, inboksi hilo, mpaka shangazi kanipigia saa kumi na moja alfajiri ya huku. Dada ni kweli serikali ya Ujerumani inakukata hela ya kanisa? Mmoja kaandika naongopa. Mwingine kaandika watu wa nje wakianza kuhesabu makato ujue wanakwepa mizinga. Kaka angu we, nikiwaonyesha nyumba naringa, nikiwaonyesha silipu nalia, sasa leo nimejifunga kanga niko na unga mikononi, tafuta hapo cha kuringia.

Jibu ni ndiyo, wanakata. Ila sikiliza vizuri usije ukaenda kumwambia mtu nusu nusu. Hawakati 9% ya mshahara. Wanakata 9% ya kodi yako ya mapato, na ukikaa mikoa ya kusini, Bayern au Baden-Württemberg, ni 8%. Kwaiyo kama kodi yako ya mwezi ni yuro 400, kanisa linachukua 36. Kwa mwaka ni 432, piga kwa shilingi ni milioni na ushee. Wanaokatwa ni walioandikishwa kama Wakatoliki au Waprotestanti, na kuna jumuiya chache za Kiyahudi pia. Muislamu hakatwi. Mlokole wa makanisa yetu yale ya kukodi ukumbi hakatwi. Kuna dada wa Tanga nafanya naye kazi, siku naonyesha ile silipu alicheka mpaka akakaa chini, anasema Ulutheri wako una bei.

Na mimi nilijiandikisha mwenyewe, ndo kinachoniuma. Ukifika huku una wiki mbili uende kuandikisha makazi, Anmeldung, hiyo mnaijua nimeshaiongelea mpaka basi. Ile fomu ina sehemu ya dini. Mtoto wa Machame mimi, nimebatizwa, nimepata kipaimara, babu kaimba kwaya miaka yote, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani hukuhuku, walifika kwetu tangu 1893, unafikiri ntaacha hiyo sehemu wazi? Nikaandika kwa herufi kubwa EVANGELISCH, yaani Mprotestanti, tena najisikia nimefika kwa wenyewe walioleta dini, labda yule mama wa dirishani atanikumbatia. Akagonga muhuri, akaita namba inayofuata.

Afu miaka 3 yote ya Ausbildung, yale mafunzo ya kazi ya kusoma na kulipwa kidogo, sikuona kitu, kwa sababu mwanafunzi hela yake ni ndogo, kodi inakua hamna au senti tu, na kama hamna kodi hamna 9% yake. Ndo maana nyie mliokuja juzi mnanibishia kwenye komenti. Subirini mmalize. Mimi mshahara wa kwanza wa ukweli nimeufungua kwenye basi, naona kamstari kapya na pembeni pameandikwa "ev". Nikajua nimeibiwa. Nikampigia mtu wa mahesabu kazini, akanijibu kwa upole kabisa, bibie, hili ulijaza mwenyewe.

Na sio kitu cha jana. Hili kato limo kwenye katiba yao ya 1919, na walivyoandika hii ya sasa mwaka 1949 wakalibeba vilevile. Serikali inakusanya, inabaki na kidogo cha usumbufu, inawapelekea makanisa. Kwaiyo huku hakuna mzee wa kanisa wa kukufata mlangoni na daftari.

Sasa mnajua kwetu inavyokua. Una bahasha yako ina namba, una ahadi, una mavuno, una jengo. Ibada ikiisha mnatoka nje kwenye mnada, mkungu wa ndizi uleule unanunuliwa na mzee, anaurudisha, unanadiwa tena, mara tatu, watu wanacheka, mama angu anabaki amenunua kuku wake mwenyewe kwa bei ya mbuzi. Nilikua nachukia! Nawaambia ukweli, nilikua naona tunakamuliwa. Lakini baba alivyofariki, mpaka namaliza kulia, turubai limeshafungwa, kuni zipo, wamama wa jumuiya wako kwenye masufuria, hakuna aliyeniuliza kitu. Hiyo hela ya bahasha ilikua inalipa hayo, ila sikua najua.

Na hapa niseme langu maana nimelibeba sana. Hata sasa usharika wetu nyumbani (siutaji) haujaniacha. Gruupu la WhatsApp, kinanda kipya, majina yanapangwa, wengine elfu 20, elfu 50, mi nimeandikiwa laki 5. Sijaulizwa. Nikasema jamani mi huku nakatwa tayari, Walutheri hawahawa. Mtu akajibu "huko ni huko". Basi. Nalipa kwa wenye dini na nalipa kwa waliopokea dini, na nikilalamika nimekua mzungu.

Nikasema kama nalipa basi niende nikatumie hela yangu. Nimeenda Jumapili moja, kanisa kubwa, kinanda cha mabomba mpaka juu, na watu kumi na nane, nimewahesabu, kila mmoja kwenye benchi lake, mvi tupu. Tukaimba wimbo naujua kwa Kiswahili, mi nikapandisha sauti kama nyumbani, bibi wa mbele akageuka. Alitabasamu lakini aligeuka. Baada ya hapo kahawa, dakika kumi, kwaheri. Sio wabaya. Ni kwamba hawakuhitaji, kila kitu kishalipwa, paa limelipwa, mchungaji kalipwa, hakuna kuku wa kunadi. Na nisiwe mchoyo wa ukweli, chekechea nyingi huku na hospitali nyingi ziko chini ya makanisa, kwaiyo mchango wao upo hata kwa mtu asiyeingia ibadani. Lakini watu wenyewe wanatoka, mwaka 2022 peke yake Wakatoliki zaidi ya laki 5 walijitoa rasmi.

Sasa jumuiya yangu nimeipata wapi? Kwenye mpira. Mi ambae offside sijui hadi leo.

Dogo viza yake ilichukua muda mrefu, karatasi hii imekosa muhuri, hii itafsiriwe upya, mpaka kaja huku ana miaka 10 na miezi miwili. Shikeni hiyo miezi miwili. Nimempeleka kwenye klabu ya mtaani, Verein wanaita, karibu kila kijiji huku kinayo, sio akademi, ni wazazi na watu wa kujitolea, ada ya mtoto ni yuro chache kwa mwezi. Kocha ni fundi bomba, anakuja na buti za kazi. Kamuona dogo anapiga chenga, kafurahi, afu kaniletea bahasha. Kumbe sheria ya FIFA, mtoto aliyetoka nchi nyingine akishafika miaka 10 hapewi leseni ya mechi hivihivi, ni kuzuia watoto kuuzwa kama ng'ombe kwenye mpira wa hela. Sawa, nzuri. Lakini huyu ni mwanangu, timu yenyewe inacheza nyuma ya ghala la mbolea! Wametaka cheti cha kuzaliwa, pasi yake, pasi yangu, uthibitisho tunakoishi, na maelezo kwamba nimehamia huku kwa sababu zangu na sio za mpira. Angewahi ile miezi miwili hakuna hata swali moja. Miezi yote hiyo mtoto anafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi, Jumamosi anakaa pembeni na jaketi anabeba maji.

Na mi nakaa pembeni naye. Kwenye kukaa ndo nikajua kuna zamu ya keki, kila mzazi anaoka, zinauzwa hela inaingia kwenye klabu. Zamu yangu nikapeleka maandazi ya iliki. Nimeambiwa andika kikaratasi kina nini ndani, unga, maziwa, mayai, nikaandika, bei senti 50. Hayakufika half time. Kocha alikula manne, akalipa yote manne, na mama mmoja akanunua, akarudisha mawili yauzwe tena, na mi nimesimama pale na kikopo cha hela nimeshikwa na kitu kooni.

Mwaka jana nimefanyiwa upasuaji, mdogo tu, msianze kuniuliza. Dogo alichukuliwa shule na kurudishwa wiki nzima na wale wamama wa keki. Mmoja alileta supu kwenye ndoo ya kufunika. Kanisani kwangu hawajajua kama naumwa, na wangejuaje?

Shule sitaki kuongelea leo, ile ya kuwagawa watoto kwenye shule tofauti wakimaliza darasa la nne ina video yake na hasira yake. Ila mjue hata somo la dini shuleni liko kwenye katiba, mikoa mingi asiyetaka anapelekwa kwenye somo la maadili, na mtoto akifika 14 anaamua mwenyewe. Wangu kashaniambia anahesabu.

Kwaiyo nijitoe? Ndo mnachouliza. Mkoa ninaokaa unaenda mahakamani na kitambulisho, unalipa yuro 30, umetoka. Kuna wabongo wametoka na wanasali vizuri tu kwingine, kuna waliobaki. Ila ukitoka alafu siku moja unataka ndoa kanisani au kumsimamia mtoto wa mtu ubatizo, ujue watakuuliza. Mimi ni mimi, silipu yako sio yangu, usije ukasema dada kanishauri. Nimeshachukua miadi mara mbili na nimeighairi mara mbili. Ya kwanza mama alipiga simu palepale nafunga viatu, hajui lolote, anauliza tu huko mnasali saa ngapi.

Unga umeumuka mpaka umesukuma kifuniko. Nikatie kabla haujachacha, maana kesho ni zamu yangu na wameagiza themanini. Leseni ya dogo imetoka, anaanza namba 7.