Mzazi Aliyezeeka na Mwanawe: Kupendana na Kukerana

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu wa Newala, hapa mkoani Mtwara, asanteni kwa kuja, maana najua huu ni wakati wa kupulizia mikorosho.

Nazungumzia jambo tunaloona haya kulitamka. Mtoto anampenda mama yake, lakini simu ya mama ikiita anasonya. Baba anamsifia kijana wake barazani, akiingia ndani analalamika kuwa ametelekezwa. Tumezoea kuuliza: huyu ana upendo au hana? Mwaka 1998 wanasosholojia Kurt Lüscher na Karl Pillemer walieleza kwamba uhusiano huu haupimwi kwa mshikamano peke yake wala kwa ugomvi peke yake. Yote mawili hukaa katika moyo mmoja.

Chukueni korosho. Baba hawezi tena kubeba mashine ya kupulizia mgongoni. Mwanawe yuko Dar es Salaam, anatuma hela ya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, na ya vibarua. Sasa anayetuma hela anataka kujua: zimepimwa kilo ngapi, malipo ya mnada yameingia akaunti ya nani? Baba anaona anafanywa mtoto kwenye shamba alilolipanda mwenyewe. Mwana naye anaona anakumbukwa pesa zikihitajika tu. Mimi simwoni mwovu hapo.

Na kwetu kuna la ziada. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo tunaufuata kwa mama, na mara nyingi binti ndiye anayebaki jirani na mama yake. Ndiye anayeogesha, anayekoroga uji, anayeamka usiku. Kaka akishuka kwenye basi na doti ya khanga, mama uso unang'aa. Huyu wa kila siku hata haulizwi kama amelala. Uchungu wake ni wa haki kabisa. Mama naye anaficha la kwake: anaona aibu kuvuliwa nguo na mtoto aliyemzaa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliitegemea familia katika kuwatunza wazee. Sawa, ila ndani ya familia mara nyingi mzigo unamwangukia mmoja. Kwa hiyo naomba: hesabu za korosho zizungumzwe kabla ya Oktoba, minada haijaanza, mjomba akiwepo, na baba aanze kusema. Binti akisema amechoka, asitishiwe laana. Kaka apigiwe simu, aje akae wiki mbili, achemshe maji ya kuoga mwenyewe.

Karibuni maswali. Tuanze na kina mama waliokaa nyuma.