Chura wa Waikiki na Yatima wa Afrika ya Kati

Bwana mwenyekiti, asante. Ndugu zangu wa nyuma mnanisikia? Kama hamnisikii sogeeni, viti vya mbele havina mwenyewe.

Naona hapa sura ambazo zimeshanisikia nikiyasema haya mara tatu, mara nne. Poleni. Nitanyamaza siku nitakapopita kwenye meza ya santuri za mtumba nikamkuta kijana ameshika kava la exotica, ule muziki wa Kimarekani wa kuigiza nchi za mbali, kaligeuza, anasoma nyuma. Mpaka leo sijamkuta. Ninaowakuta ni wa aina mbili. Wa kwanza anaona picha ya mbele, mwanamke anachungulia kwenye pazia la mianzi, anacheka, anarudisha. Wa pili anainunua kwa picha hiyohiyo, anakwenda kuitundika ukutani. Sindano haijaigusa hata siku moja. Halafu huyo ndiye anaitwa mkusanyaji!

Muziki wenyewe sitaueleza kwa kirefu. Marekani ya miaka ya 1950: piano, vibrafoni, yaani marimba ya vyuma, marimba yenyewe, ngoma za kila namna, na mtu mzima anayelia kama kasuku. Les Baxter aliupiga kwa okestra kubwa, Martin Denny akaupunguza ukawa wa watu wanne kule Honolulu, Arthur Lyman akatoka kwa Denny akaanzisha kundi lake. Ulikuwa muziki wa mtu aliyenunua mashine mpya ya santuri na anataka wageni wake wasifie spika.

Mimi niliingia kwa bahati tu. Nilikuwa mwanafunzi California, mfukoni sina kitu, Jumamosi nazunguka kwenye nyumba za watu wanaotoa vitu vyao uani wakaviuza. Siku hiyo natafuta sufuria. Chini ya meza kulikuwa na boksi la santuri, limewahi kulowa upande mmoja likakauka, kava zimegandana. Ukizibandua zinalia kama plasta inayotoka kwenye kidonda. Katikati nikakuta moja ya mpiga ngoma anaitwa Chaino. Dola moja.

Sasa hapa ndipo ninapochelewaga kila siku, mwenyekiti ananikunjia uso. Akunje tu. Huyo Chaino aliuzwa kwa hadithi, nami nawapa kwa maneno yangu: ni yatima, ndiye pekee aliyesalia wa kabila lililotoweka, katika msitu wa sehemu ya mbali ya Afrika ya Kati ambako wazungu waliowahi kufika ni wa kuhesabu kwa vidole.

Jamani, mimi natoka Kigoma! Hiyo sehemu ya mbali ya Afrika ya Kati kwangu ni ng'ambo ya ziwa. Kukiwa hakuna ukungu jioni naiona milima yake nikiwa nimekaa barazani. Basi nimesimama uani kwa mtu, sufuria mkono huu, santuri mkono huu, napiga hesabu. Wazungu wachache? Ujiji walifika, 1871 wakakutana wao kwa wao, na mnara upo. Kabila limetoweka? Kwetu mvuvi mmoja wa dagaa akichelewa kurudi, kabla ya saa nne asubuhi ukoo mzima una habari. Litoweke kabila zima, sisi majirani tusisikie, habari imfikie kwanza mwuza santuri wa California?

Nikalipa dola yangu. Sufuria nikaiacha, na hilo mke wangu analikumbuka vizuri kuliko mimi.

Ilichukua miaka kabla sijajua. Chaino jina lake Leon Johnson. Kazaliwa Philadelphia, kakulia Chicago. Msitu wake ulikuwa wa matofali, na usafiri wake treni za mjini. Hadithi ya yatima ilitungwa kuuzia sahani.

Hapo ndipo watu wanataka nikasirike, na nilikasirika kweli, msidhani mimi ni mtu wa kuchekelea kila kitu. Lakini hasira yangu ilikuja baada ya kuipiga, siyo kabla. Niliazima mashine kwa jirani, nikaifuta sahani, nikashusha sindano. Mkono mmoja unashika mwendo, haulegei. Mwingine unazunguka ngoma hadi ngoma, kubwa, ndogo, kubwa. Unasikia kiganja kizima, halafu ncha za vidole, halafu ukingo wa ngozi pale inapokutana na mbao. Kuna mahali anachelewesha pigo moja, kidogo sana, kama mtu aliyefika mlangoni akasita kubisha, kisha anaingia na yote kwa pamoja. Nyumbani nimekua na ngoma, mpigaji hodari nikimsikia namjua. Mwandishi wa matangazo hakuutunga ule mkono. Ule ulikuwa wa Leon Johnson, na ndiyo maana hadithi ya kwenye kava ikaniuma: walikuwa naye mtu mwenyewe, wakaona hatoshi, wakamvua jina na kumvika uyatima.

Na hakuwa peke yake. Korla Pandit, mwaka 1949 yuko kwenye televisheni ya Los Angeles, kilemba chenye kito katikati ya paji la uso, anapiga ogani, anamwangalia mtazamaji machoni, neno hatoi. Watu wakaambiwa huyu ni mtoto wa New Delhi. Mtoto wa New Delhi! John Roland Redd, mtu mweusi wa Missouri. Kabla ya kilemba alijiita Juan Rolando, akapita kama Mmeksiko, maana kwa jina hilo chama cha wanamuziki kilimpokea na kazi za redio zikafunguka. Alikufa 1998 bado ni Mhindi, ukweli ukachapishwa kwenye jarida 2001. Karibu miaka hamsini na kilemba. Mimi koti hili la leo tu limenishinda.

Upande wa pili yupo Yma Sumac. Huyu ni wa Peru kweli, kazaliwa kule, sauti yake inashuka chini kama ya mwanamume kisha inapanda hadi juu kama filimbi, na santuri yake ya 1950 ilisimamiwa na Les Baxter huyohuyo. Unajua wakasema nini? Kwamba ni mama wa nyumbani wa Brooklyn anaitwa Amy Camus. Lisomeni jina lake kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ndiyo. Cheka, dada, usijizuie. Wa kutungwa wakaaminiwa, wa kweli akaambiwa katungwa!

Sasa kuna bwana hapa mbele amekaa mikono kifuani tangu nianze. Nalijua swali lake, naulizwa kila mahali: mzee, santuri zetu wenyewe zinaliwa na mchwa, wewe unakusanya uongo wa Wamarekani? Bwana mkubwa, zetu ninazo. Hebu tazama tofauti. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, na jina lake likachapwa kwenye lebo, Siti binti Saad, binti wa mtu na mjukuu wa watu. Leon Johnson, mzaliwa wa nchi yenye viwanda tele vya santuri, hakupewa hilo. Kama unataka kujua jina kwenye lebo lina thamani gani, shika sahani hizo mbili kwa pamoja. Tena za Siti wapo wanaozilinda, Mungu awabariki. Hizi nyingine nani wa kwetu atazisoma, kama si mimi na wewe, ambao neno "simba" tunalijua bila kamusi? Les Baxter ana wimbo unaitwa hivyo, na Denny akaupiga kwenye santuri yake ya 1959, Afro-Desia. Lyman naye ana santuri nzima inaitwa Bwana Ā. Bwana A! Mimi nimekaa miaka namsubiri Bwana B.

Lakini msiondoke hapa mkidhani exotica yote ni majina ya bandia. Denny alijiita Denny na Lyman alikuwa mtoto wa Hawaii kwelikweli. Hawa uongo wao ulikuwa mwingine, na ule ninaupenda, sioni haya kusema.

Walikuwa wanapiga kwenye Shell Bar, ndani ya hoteli ya Hawaiian Village, Waikiki. Pembeni ya baa kulikuwa na bwawa dogo lenye vyura. Usiku mmoja bendi ikaona kwamba wao wakipiga, vyura wanaitikia. Wao wakinyamaza, vyura wananyamaza. Vijana wakaanza kutania, mpiga ngoma Augie Colón akalia kama ndege, wenzake wakajibu, watu wakacheka, yakaisha. Kesho yake mteja akamfuata Denny akamwomba ule wimbo wenye ndege na chura. Denny hamwelewi. Akaelewa polepole kwamba utani wa jana umeshakuwa bidhaa. Wakauingiza kwenye wimbo wa Baxter, Quiet Village, na mwaka 1959 wimbo huo ukafika namba 4 Marekani, santuri yenyewe, inayoitwa Exotica, namba 1. Vyura wale hawakulipwa, lakini walau hawakupewa kabila.

Na hapa wakusanyaji chukueni kalamu. Hiyo santuri ya Denny, Exotica, zipo mbili. Narudia, mbili. Ya kwanza ilirekodiwa Desemba 1956, ni mono, sauti ya njia moja, na humo Lyman ndiye anayepiga vibrafoni. Mwaka uliofuata Lyman akaondoka. Stereo, sauti ya njia mbili, ilipoingia sokoni kampuni ikataka toleo la stereo, kanda ya namna hiyo haipo, kwa hiyo 1958 wakarudi studio wakaipiga upya toka mwanzo, vibrafoni anapiga Julius Wechter. Kava lilelile, nyimbo zilezile, majina yaleyale. Denny mwenyewe alisema anaipenda zaidi ile ya mono. Mtazame pembeni mwa kava na kwenye lebo: LRP 3034 ni mono, LST 7034 ni stereo. Kwenye LEBO pia, sisemi kava peke yake, kwa sababu mimi niliagiza LRP kwa mwuzaji mmoja wa mbali, nikasubiri wiki tano, likaja kava la LRP na ndani yake sahani ya LST. Nikamwandikia. Akanijibu kwamba nisijali, muziki ni uleule.

Si uleule! Ni mtu mwingine anayepiga! Tangu mwanzo wa mazungumzo haya ninasema kitu gani?

Mwenyekiti ananionyesha dakika tano. Nilikuwa na mambo manne, nitayakimbia.

Lyman. Santuri zake nyingi zilirekodiwa kwenye ukumbi wa kuba la alumini pale pale Hawaiian Village, usiku wa manane, wageni na magari yakiwa yametulia, wote wanapiga kwa pamoja bila kuongezea kitu baadaye. Kuba likipoa usiku linalia, na mara nyingine mlio huo umo kwenye sahani. Nimewahi kufungua mashine nzima nikitafuta kilichoharibika, kumbe ni paa la Honolulu.

La pili, Burundi, majirani zangu. Ngoma zao zilirekodiwa 1967, santuri ikatoka Ufaransa. Mwaka 1971 akaja Mfaransa akaziwekea piano na gitaa juu, ikauzwa, Waingereza wakauchukua mwendo wake wakajengea pop yao ya miaka ya themanini. Pale hakuna hadithi ya kutungwa, mikono ni ya Burundi kweli, ila jina la mpigaji hulioni popote. Hili linataka mhadhara wake, mkinialika.

La tatu nalirukia.

La nne, utunzaji, maana mnaniandikia kila wiki. Msifute santuri kwa pindo la khanga. Kitambaa laini, safi, chenye unyevu kidogo, mnafuata mzunguko wa mifereji, lebo msiiguse na maji. Zisimamisheni kama vitabu, msizilaze kama chapati. Msiziache kwenye gari Dar es Salaam saa saba mchana. Nina Lyman mmoja amepinda kama ungo, na sina wa kumlaumu, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Zinazonuka ukungu zikae nje ya kava siku mbili tatu kivulini kabla hazijakutana na nyingine. Na hiyo niliyoipitisha kwenye safu ya pili naomba irudi, nimeihesabu.

Maswali baadaye. Fundi, zima feni hiyo tafadhali, inavuma. Hii ni LRP, lebo nimeikagua mara mbili. Mtasikia chura mwanzoni kabisa, kabla piano haijakaa sawa. Si chura. Ni mtu mzima anakwaruza, tena anakwaruza kwa makini sana, sikilizeni.