Pangani, Siyo Ile ya Barabara ya Thika

Mwenyekiti, asante. Wazee wangu, shikamooni. Nyinyi wengine hamjambo.

Nilipokuwa nikija hapa nilimwambia kondakta wa matatu kwamba naenda kuzungumza juu ya Pangani. Akanitazama kwa huruma. "Mama, mbona Pangani tumeshaipita?" Kijana hakukosea. Kwa mtu wa Nairobi, Pangani ni pale unaposhuka kabla ya kuingia mjini. Wengine wenu mmesimuliwa na wazazi kwamba pale palikuwa na kijiji cha nyumba za udongo, Waswahili na watu wa kila kabila pamoja, kikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakapelekwa Shauri Moyo. Hayo yana siku yake.

Pangani ninayotaka muende iko Tanzania, mwendo wa kilomita hamsini hivi kusini ya Tanga, pale mto unapomwaga maji baharini. Mji mdogo. Ukiamka mapema, kabla ya chai utakuwa umeuzunguka wote. Ndiyo maana wageni wengi hupita mbio kwenda kwenye hoteli za ufukweni, wakalala siku tatu juani, wakarudi wakisema wamefika Pangani. Hao walifika pwani tu. Pangani ni mji wa mto, na mto huo una mambo na sisi wa huku bara.

Basi tuanze na njia. Wengi watawaambia mpande treni hadi Mombasa, mvuke Likoni, mpite Lunga Lunga mwingie Horohoro, na jioni mko Tanga. Njia nzuri, sina ugomvi nayo. Mimi nawashauri mpite Namanga, hata kama mgongo utalalamika. Ukitoka Arusha kwenda Moshi uko juu ya maji yenyewe. Maji ya Mlima Meru na ya Kilimanjaro huteremka kwa mito miwili, Kikuletwa na Ruvu, ikakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo ndipo unapoitwa Mto Pangani. Toka Moshi, kaa upande wa kulia wa basi. Kushoto utakuwa na milima ya Upare, kisha Usambara. Kulia ni nyika, na mahali fulani ndani ya nyika hiyo mto unateremka sambamba nawe. Mara nyingi hutauona, utaona mstari wa miti mibichi tu. Ukifika Korogwe utaanza kuona mashamba ya mkonge, safu baada ya safu kama vitana. Kutoka milimani hadi baharini ni kama kilomita 500.

Hiyo ndiyo barabara ya misafara ya pembe za ndovu. Mtu asiwadanganye kwamba njia ya kuja huku ilianza na reli. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikakuta bwawa la matope na maji baridi ya Wamaasai. Kabla ya hapo, watu wa Pangani walikuwa wakipanda na mto hadi Kilimanjaro, wakaingia Umaasaini, wakapita Ngong na Naivasha, wakafika Baringo. Walikuwa wakibeba shanga, nyaya na nguo, wakirudi na pembe.

Kuna mmoja ambaye jina lake lingefaa kufundishwa shuleni, nami nasema hivyo kama mwalimu wa historia aliyestaafu: Jumbe Kimemeta. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe wa Pangani. Mskoti Joseph Thomson alipovuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883, aliandamana na msafara wa Kimemeta. Mwaka 1887 mwanakabaila wa Hungaria, Teleki, na mwenzake von Höhnel walianza safari yao Pangani, na Kimemeta alikuwamo tena. Machi 1888 wazungu hao walifika ziwa tunaloliita leo Turkana, wakaliita kwa jina la mwana wa mfalme wao, wakasifiwa Ulaya nzima. Kimemeta hakupewa hata kilima. Mimi kila nikisimama ukingoni pale Pangani humfikiria yeye, anahesabu wapagazi wake, anajua visima viko wapi na nani wa kulipwa hongo njiani.

Sasa mmefika. Tembeeni kwa miguu. Anzeni ukingo wa mto, kwenye forodha ya zamani, halafu Boma lenye milango ya nakshi, halafu ingieni mitaa ya maduka ya Wahindi, yale yenye baraza mbele na ghorofa ya mbao juu. Mengi yamechoka. Mengine paa limeanguka na mpapai umeota sebuleni. Chukueni kijana wa pale awaongoze. Mtalipa kidogo na mtasikia mengi. Atawaambia kwamba chini ya nguzo za Boma walizikwa watumwa wakiwa hai. Sikilizeni kwa adabu. Simulizi hiyo inasimuliwa kwa majengo mengi ya pwani. Lakini watumwa walikuwapo, tena wengi: bonde la mto huu lilikuwa mashamba ya miwa katika karne ya 19, na waliokata miwa ile hawakuja kwa hiari yao. Uzuri wa milango na uchungu wa miwa vilitoka mfuko mmoja.

Hapo ndipo nakaa kidogo, mniwie radhi.

Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodishia kampuni ya Kijerumani pwani hii. Agosti mwaka huo, mtu wa kampuni aitwaye Emil von Zelewski akaja Pangani kupandisha bendera yake. Inasimuliwa kwamba watu wake waliingia msikitini na mbwa, wakati wa Idi. Mji ukawaka. Aliyeshika uongozi alikuwa Bushiri bin Salim, Mwarabu mwenye shamba la miwa papo hapo mtoni. Vita vikaenea pwani nzima ya Mrima, hadi Bagamoyo na kusini zaidi. Wajerumani wakamleta afisa wao wa jeshi, Wissmann, na askari wa kukodiwa. Bushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye, ambaye Waafrika walimbandika jina la Nyundo, aliuawa na Wahehe wa Mkwawa kule Lugalo Agosti 1891.

Kuna mfungwa mmoja wa Bushiri ambaye hadithi yake inanichekesha. Mjerumani Hans Meyer alikuwa akirudi kutoka Usambara mwaka ule wa 1888, akakamatwa, akafungwa minyororo, na hakuachiwa mpaka fidia ilipolipwa. Mwaka uliofuata, Oktoba 1889, ndiye aliyefika kilele cha Kilimanjaro. Yaani mtu yule yule alionja mto ule ule kwenye mdomo wake, pale baharini, na kwenye kichwa chake, kule mlimani. Mdomoni alifungwa, kichwani akapandisha bendera.

Haya, tutoke kwenye vita, twende majini. Pangani hakuna jambo linalofanyika bila kuuliza maji. Wenyeji hawasemi "tutaondoka saa kumi"; wanasema "maji yakijaa". Mkitaka kupanda mto kwa mashua kuona mikoko na minazi, na ndege wanaporudi kulala, nendeni na maji kujaa, jioni. Mkitaka kwenda Maziwe, nendeni na maji kupwa, kwa sababu Maziwe siku hizi ni fungu la mchanga baharini, na maji yakijaa kisiwa chote kinazama. Zamani kilikuwa na mivinje, na kasa wakipanda kutaga. Miti ikaisha, mchanga ukahama. Mayai ya kasa wanaotaga pale huchukuliwa na watu wa uhifadhi na kuzikwa upya ufukweni Ushongo, yasichukuliwe na maji.

Mimi sikuwasikiliza wenyeji safari ya kwanza. Nahodha aliniambia tule haraka turudi. Nikasema samaki huyu hawezi kuliwa haraka. Tulipomaliza, mto ulikuwa umetuacha. Tukakaa juu ya tope saa mbili nzima, mimi, wenzangu wawili na nahodha ambaye hakusema neno lolote, akishona wavu wake tu. Laiti angenigombeza.

Mvuke pia ng'ambo, Bweni. Sisi tunasema feri. Wao husema pantoni au kivuko. Mtasimama pamoja na baiskeli zenye magunia ya mkaa, akina mama wenye ndoo za samaki na bodaboda wanaopiga honi kana kwamba mto utasogea. Daraja la kuvuka hapo limeanza kujengwa, kwenye barabara mpya ya kutoka Tanga hadi Bagamoyo, kwa hiyo pandeni pantoni mapema. Mkiulizia Kikogwe, mtaoneshwa upande mkonge wa kwanza ulikopandwa mwaka 1893. Dakta Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62. Ile mistari ya vitana mliyoiona Korogwe ilianzia kwenye miche hiyo 62.

Muulizeni pia mkulima au mvuvi yeyote habari za chumvi. Mto ukiwa na maji mengi husukuma bahari nyuma. Siku hizi juu kuna mabwawa ya umeme na mifereji ya mashamba, na maji yanayofika chini yamepungua, basi bahari inapanda mtoni, minazi na migomba inaungua kwa chumvi, na ukingo wa mji unaliwa. Mtu anayewasha taa Moshi hamjui mwenye migomba Pangani. Nasi hatuna ujasiri wa kumcheka. Mto wetu hapa Nairobi tunaujua kwa harufu.

Mambo madogo ya mwisho. Bebeni pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ulizieni halua. Na Kiswahili, jamani! Msiingie dukani mkasema "nipee maji", kama mnavyozungumza na kondakta. Salimu kwanza, ulizia hali, kisha sema "naomba". Safari ile ya tope niliingia duka moja nikasema "leta chai". Mzee alinitazama, akaketi, akaniambia, "Karibu kwanza, mwanangu. Umetoka wapi?" Nikasema Nairobi. "Nairobi," akasema. "Babu zetu walikuwa wakipita huko."

Chai aliileta baadaye sana. Haya, naona mkono kule nyuma, ndugu, uliza.