Mbweni: Jumba la Shamba Lililogeuka Skuli

SALMA: Karibuni tena, jamani. Hamadi yupo na kahawa yake kama kawaida.

HAMADI: Assalam aleikum. Leo ni Mbweni, hapa Unguja, jumba lililokuwa skuli ya wasichana. Nimeandaa masomo matatu ya kuwaachia wasikilizaji, na ninaomba safari hii tuyafikie.

SALMA: Yatakuja. Kwanza nikwambie, wiki hii ukuta wa nyumbani kwa mama umemwaga lipu.

HAMADI: Pole, da Salma. Hakuna aliyeumia?

SALMA: Hakuna, alhamdulillah. Mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi tumekuta kipande cha upana wa mlango kimelala ukumbini. Lipu ya saruji, haijamaliza hata miaka mitatu. Nyuma yake matumbawe yamelowa, na chokaa ya kale ukiigusa inabaki vidoleni. Fundi alituapia kwamba saruji ndiyo imara.

HAMADI: Uimara huo ndio uliomponza mama. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Unyevu unapanda kutoka chini pamoja na chumvi yake, unatokea usoni mwa ukuta, jua na upepo vinaukausha. Ukiuziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, inaisukuma mpaka inabanduka, na mara nyingi inaondoka na sehemu ya ukuta.

SALMA: Sasa wende Mbweni uone. Kuta zile hazina paa, mvua inazipiga juu na ubavuni, na bado zimesimama. Ndiyo maana nimeanza na ukuta wa mama.

HAMADI: Basi tuseme jumba lilikuwa nini. Mwanzo wake ni nyumba ya shamba ya Kiarabu, juu ya bahari, kusini ya mji. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati, wakainunua pamoja na shamba mwaka 1871, wakaiongezea majengo ya skuli. Miaka miwili baadaye, Juni 1873, Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa.

SALMA: Ngoja, usiikimbie nyumba. Umewahi kuyaangalia yale matundu kwenye kuta, juu, yaliyojipanga mstari mmoja?

HAMADI: Ya boriti.

SALMA: Ya boriti! Hapo ndipo zilipoingia. Ukiyafuata kwa macho unajua dari ilikuwa wapi. Boriti ni za mkoko, na mkoko hautoi mti mrefu ulionyooka upendavyo, kwa hiyo vyumba vya zamani upana wake ni kama mita tatu hivi, tajiri na asiye tajiri. Tajiri anaongeza urefu wa chumba na anaongeza ghorofa, lakini upana anapangiwa na mkoko.

HAMADI: Na juu ya boriti?

SALMA: Mawe bapa ya matumbawe, kisha kokoto na chokaa, kisha inapigwa. Kuipata chokaa yenyewe ni kazi: mawe yanachomwa juu ya lundo la magogo, minazi humohumo, yanamwagiwa maji, inaachwa muda mrefu ndipo ichanganywe na mchanga na udongo mwekundu. Halafu kupiga sakafu: watu wamejipanga na vipande vya mbao, wanatwanga kwa pamoja, siku baada ya siku, huku wanaimba ili mikono isipishane. Wengi waliokuwa wakiimba walikuwa wanawake.

HAMADI: Na Unguja ya wakati ule, kazi hiyo ya kutwa nzima juani ilikuwa ya nani?

SALMA: Ya watumwa, kwa sehemu kubwa. Hilo ndilo lililonikaa moyoni. Nyumba ya namna ile imesimama kwa mikono hiyo, kisha wakaingizwa humo watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa.

HAMADI: Na ndiyo fahari yake, kwangu. Manowari za Kiingereza zinakamata jahazi, kuanzia 1874 HMS London imetia nanga hapahapa Unguja kwa kazi hiyo, na baadhi ya watoto wanakabidhiwa misheni. Wavulana Kiungani, skuli nyingine ya misheni hiyo hapa Unguja, wasichana Mbweni. Watu wazima wanapewa viwanja vya kulima pale shambani. Mwaka 1877 anakuja Caroline Thackeray, anakuwa mwalimu mkuu wa skuli ya Mtakatifu Maria, na hakuondoka Mbweni mpaka alipofariki 1926. Mtoto aliyenyang'anywa mama yake anafundishwa kusoma, kuandika, na kuwa mwalimu.

SALMA: Si wote.

HAMADI: Najua unakokwenda.

SALMA: Wacha nifike. Walioonekana wepesi wa vitabu walipelekwa kwenye ualimu. Wengine waliwekwa upande wa kazi za mikono: kufua, kupika, kushona, kusuka vikapu. Binti ametolewa kwenye jahazi la watumwa, analetwa kwenye jumba, anapewa nguo za kufua. Nani alimuuliza?

HAMADI: Salma, ufundi si utumwa. Asiye na ukoo, asiye na shamba la baba, kwenye mji ule, alihitaji kitu mkononi cha kumlisha.

SALMA: Na mimi sikusema ufundi ni utumwa. Nasema aliyepima nani asome na nani afue si yeye mwenyewe. Hata waliosoma, wengi waliozwa kwa walimu waliotoka Kiungani na kupelekwa bara kwa kazi ya misheni.

HAMADI: Wakaenda wakafundisha! Kituo cha misheni cha Masasi, kusini ya bara, kilianzishwa 1876 na watu waliotoka Mbweni hii, na Askofu Steere mwenyewe, mkuu wa misheni, ndiye aliyewaongoza. Huwezi kuwafanya watu hao abiria tu kwenye maisha yao.

SALMA: Wala siwafanyi. Lakini sitaliita jumba lile nyumba ya uhuru mpaka nijue kama binti angeweza kusema hapana.

HAMADI: Mimi nitaliita. Kwa kulinganisha na lilikokuwa likienda lile jahazi, nitaliita, leo na kesho.

SALMA: Basi hatukubaliani.

HAMADI: Hatukubaliani. Na fundi mitambo ananionesha dakika mbili.

SALMA: Masomo yako matatu?

HAMADI: Hata moja hatujaligusa. Yaache, niseme la maana zaidi. Anayekwenda Mbweni asiishie kwenye magofu. Kanisa la Mtakatifu Yohana liko jirani, la 1882, bado watu wanasali, na Bibi Thackeray amezikwa hapo.

SALMA: Na ukiingia kwenye magofu usiegemee kuta, wala usichimbue chokaa kwa ukucha kama niliowaona juzi. Na mwenye nyumba ya mawe Mji Mkongwe, kabla hujanunua saruji, tafuta fundi wa chokaa. Wapo, uliza mtaa wa Malindi hapa mjini, uliza—

HAMADI: Tunakatwa, da Salma.

SALMA: —uliza wazee wa mtaa. Kwaherini!