Treni ya Marekani kwenye Soketi ya Dar

(Mhadhara kwa mafundi na wapenzi wa treni ndogo, kama ulivyotolewa)

Sogeeni mbele, viti vipo. Treni hii nimeiwasha kabla hamjaingia, na nitaiacha izunguke mpaka nimalize, kwa hiyo kelele zake mnivumilie. Ni Lionel, kampuni iliyoanzishwa na Joshua Lionel Cowen jijini New York mwaka 1900. Sanduku hili jeusi ni transfoma yake, aina ya ZW, iliyoingia sokoni mwaka 1948. Shemeji yangu alizileta mbili kutoka Marekani ndani ya kontena, katikati ya magodoro na matairi. Moja ndiyo hii inayofanya kazi. Nyingine imo kwenye mfuko ule chini ya meza. Pitishaneni, kila mmoja anuse.

Mmeisikia hiyo harufu? Ni vanishi ya koili, ule waya wa shaba uliozungushwa ndani. Hiyo niliiua mwenyewe, na miaka yangu yote ya ufundi. Plagi ya Kimarekani ina miguu miwili bapa, nikatafuta adapta, nikachomeka ukutani. Treni haikuwa hata relini. Bado ilikuwa kwenye boksi. Transfoma ikanguruma kama lori linalopanda mlima, moshi ukatoka, swichi kuu ikakata. Sekunde chache tu.

Nianzie hapo: kwa nini iungue wakati haikuwa na mzigo wowote?

Wengi hujibu kwamba volti zilikuwa nyingi, treni ikazidiwa. Treni haijui kabisa ukutani kuna nini. Inachokula ni volti chache za relini, na hii haivuki 20. Mota yake ni ya brashi, ile wanayoiita ya yunivaso, jamii moja na mota ya drili na blenda. Mpe umeme wa AC, mpe wa betri, mpe hezi 50 au 60, atazunguka. Anayekutana na umeme wa nyumba ni transfoma peke yake. Kwa hiyo ukiletewa treni kutoka nje, kichwa na mabehewa viweke pembeni kwanza. Geuza transfoma, usome kibao.

Kibao cha hii kinasema volti 115, saikoli 60. Saikoli ndizo hezi za siku hizi, yaani mara ngapi kwa sekunde umeme unakwenda na kurudi. Soketi yetu ni volti 230, hezi 50. Kila mtu anaiona ile 230, anasema ni mara mbili, basi. Ile 50 hakuna anayeitazama.

Sasa chukua ndoo. Chuma kilichomo ndani ya transfoma ni ndoo, maji ni sumaku, na umeme ni bomba linalojaza, kisha linageuka na kuimwaga. Kwenye hezi 60 bomba linageuka upesi, ndoo inajaa kiasi chake. Kwenye hezi 50 linachelewa kugeuka, hivyo maji yanazidi kwa asilimia 20, hata kama presha ni ileile. Halafu uongeze na presha mara mbili. Mbili mara 1.2 ni 2.4. Ndoo moja inamiminiwa maji ya karibu ndoo mbili na nusu! Chuma kikishashiba sumaku, koili haina tena cha kuuzuia umeme isipokuwa waya wake, na waya wa shaba hauzuii kitu. Ampea zinaruka, treni iwepo isiwepo. Ndiyo harufu mliyonusa.

Fundi yeyote hapa atasema: weka stepdauni. Sawa, lakini stepdauni inashusha volti tu, hezi inaziacha zilivyo. Ukitaka kuamini, chukua saa ya mezani ya Kimarekani, ile ya mota inayofuata hezi, uiweke kwenye stepdauni hapa Dar. Kila saa moja itachelewa dakika 10. Santuri ya mzunguko wa 33 itaimba kwenye 28 hivi, na Mbaraka Mwinshehe ataonekana kalewa.

Kwa treni hatujali mwendo wa saa, tunajali ile ndoo. Kama bomba linachelewa kugeuka, punguza presha kwa kiasi kilekile. 115 mara 50 gawanya kwa 60: unapata 96. Kwa hiyo transfoma hii, ikiwa hapa kwetu, haki yake ni volti 96 wala si 115. Nani anauza stepdauni ya volti 96? Hakuna. Ila Japani nyumba zao zinatumia volti 100, na mafundi wa ampu na redio za mtumba za Kijapani stepdauni ya 100 wanaijua. Hii hapa chini ya meza ni ya 100. Tena Wajapani wenyewe wana kisa chao: Tokyo na mashariki yote ni hezi 50, Osaka na magharibi ni hezi 60, nchi moja. Zile za 110 nazo zinafaa kwa muda mfupi, ndoo inazidi kwa asilimia 15, ila transfoma itapata joto. Unachopoteza kwenye 100 ni kwamba relini badala ya volti 20 unapata 17 na kidogo. Tazameni inavyokata kona pale. Inahitaji zaidi ya hapo?

Wati nazo. Hii imeandikwa 275, basi stepdauni iwe 500, usibanane. Na vile vibadilishaji vyepesi vya msafiri, vinavyoenea kiganjani huku vimeandikwa wati elfu na zaidi, ni vya pasi na vya kukaushia nywele. Vinakatakata wimbi la umeme. Pasi haijali, transfoma inajali sana. Kama hakina uzito, ndani hakina chuma.

Kuna aliyeniuliza mlangoni kuhusu treni za Märklin za Ujerumani, kwamba hizo si ni za volti zetu? Karibu iwe hivyo. Kampuni ile ya Göppingen ni ya tangu 1859, na kipimo chao cha H0 ni 1 kwa 87: chukua reli ya SGR, milimita 1,435, gawanya, unapata reli ya milimita 16.5. Hezi ni 50 kama sisi. Tatizo ni zile transfoma zao za zamani za bluu, zilizotengenezwa kwa volti 220. Kichwa cha treni kinageuzwa mwelekeo kwa kupigwa mshtuko mfupi wa volti 24. Usiku wa manane kwangu multimita imewahi kusoma 245. Piga hesabu: mshtuko unakaribia 27. Vichwa vya kale vyenye rilei, ile swichi ya sumaku, vinavumilia. Vichwa vipya vyenye saketi ndani vinakufa siku hiyohiyo, na mwenye nacho anadhani kauziwa kibovu. Transfoma ya bluu na kichwa kipya visikutane.

Treni za siku hizi zenye adapta ndogo ya ukutani hazina maneno mengi. Kama imeandikwa 100 mpaka 240, hezi 50/60, chomeka. Kama imeandikwa 120 peke yake, itupe, nunua nyingine yenye volti na ampea zilezile za kutokea, na uangalie kama ni AC au DC, yaani umeme wa aina ya ukutani au wa aina ya betri.

Lakini hili la mwisho nisikilizeni, wazazi hasa. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Mtu anaunganisha transfoma mbili kwenye reli moja ili treni ipate nguvu, halafu anachomoa moja ukutani akiwa ameilaza plagi sakafuni. Ile iliyobaki inalisha reli, reli inailisha hii kinyumenyume, na miguu ya plagi iliyoko sakafuni, ambayo mtoto anaishika, ina umeme wa kuua. Reli moja, transfoma moja. Na mchezo wetu wa kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie, uishie leo. Plagi ya stepdauni au ya transfoma ya volti zetu kata, funga ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 3.

Swali? Ndiyo, binti.

Anauliza kama treni ya SGR nayo ina transfoma. Inayo. Waya wa juu una volti 25,000, hezi 50, na transfoma inazishusha kabla hazijafika kwenye mota. Wajerumani wao wanatumia volti 15,000 na hezi 16.7, kwa sababu mota kubwa za brashi za zamani zilikuwa zinatoa cheche mno kwenye hezi 50. Mota hizohizo, binti, jamii moja na hii yangu.

Mwingine? Anauliza nitajuaje kama hesabu yangu ni sahihi. Transfoma hii iko hewani tangu kabla hamjaja. Njoo uweke kiganja hapa juu, uhesabu mpaka kumi.